Mdogo wangu anataka kumwachia kausha damu kadi ya benki ili alipe mikopo ya mtandaoni, naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka maana kesho asubuhi anaenda kukabidhi kadi.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa msingi huku Morogoro. Mwanae aliugua katikati ya mwezi, akaingia kwenye app moja ya mikopo akaomba laki mbili, kwenye simu ikaingia 140,000, ile 60,000 wakaikata juu kwa juu eti ada ya huduma, na baada ya siku 7 wanataka laki mbili yao kamili. Mshahara bado, akachukua app ya pili alipe ya kwanza, ya tatu alipe ya pili, sa hivi anadaiwa karibu laki saba na hela aliyoishika mkononi haifiki hata nusu. Juzi wamemtumia meseji mwalimu mkuu na wazazi wa wanafunzi, na picha yake juu, "mwambieni alipe".

Sasa kuna mama mtaani, hawa wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu, kakubali kumpa hiyo laki saba ila aache kadi na namba ya siri, mama atakuwa anatoa mwenyewe laki tatu kila mwezi, miezi minne. Mi roho inakataa, ila yeye hali, halali. Nimwambieje?

Mwl_Kihonda: Pole sana mkuu, mzuie. Shuleni kwetu kuna dada aliacha kadi hivohivo, mshahara ukiingia usiku unatolewa wote usiku huohuo, yeye anabaki na meseji ya benki tu, kesho yake anaenda kumpigia magoti huyo mkopeshaji ampe nauli. Ikabidi arudi kukopa kwake tena. Alivoenda benki kufunga kadi na kuchukua mpya ndo akapumua, deni akalilipa kidogo kidogo kwa maandishi.

Nyundo2: Dawa ya deni kulipa. Alikopa mwenyewe.

mama_Tariq: @Nyundo2 hakuna aliyesema asilipe. Ila piga hesabu, 60,000 kwa 140,000 ni kama asilimia 43 kwa wiki moja! Kikomo cha BoT (Benki Kuu) ni asilimia 3.5 kwa mwezi, hapo riba ingekuwa 4,900. Mwezi wa 11 mwaka 2024 BoT walitoa orodha ya app 69 zinazokopesha bila leseni, aanze kuangalia kama hizo zake zimo. Na kusambaza picha na namba za watu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuna Tume kabisa ya kupeleka malalamiko.

Kingine, akiambiwa polisi wanakuja kumkamata leo usiku asitetemeke, deni ni kesi ya madai. Na asitume hela kwenye namba ya mtu binafsi anayejiita afisa makusanyo, utalipa na deni litabaki palepale.

Mzee wa Mzumbe: Ana SACCOS (chama cha kuweka na kukopa)? Kama makato hayajafika theluthi mbili, yani bado anaweza kubakiwa na theluthi moja ya mshahara wa msingi, SACCOS au benki yake wanamkopesha kwa riba ya kueleweka. Laki saba kurudisha milioni moja na laki mbili kwa miezi minne, hapana jamani, huyo mama anamkausha mdogo wako wa tumbo moja mchana kweupe.

Muanzisha uzi: Nashukuruni sana. Nimempigia, kadi haendi kuipeleka, SACCOS ya walimu yupo na hana mkopo huko, kumbe aliona aibu kuomba kwa sababu mweka hazina anafundisha nae. Kesho naenda nae. Hizo meseji za kwa mwalimu mkuu, tuanze polisi au Tume?

mama_Tariq: Polisi mpate RB (namba ya taarifa mliyoandikisha), muiambatanishe kwenye malalamiko ya Tume. Na asifute meseji hata moja, hata zile za matusi. Awahi pia kuwaambia watu wake wa karibu yeye mwenyewe kabla hawajatumiwa.