Mrejesho: Babu alikuwa Mau Mau?

Niliuliza hapa namna ya kuthibitisha kwamba marehemu babu alikuwa Mau Mau, wapiganaji wa msituni dhidi ya ukoloni wa Waingereza Kenya. Asanteni sana, jamani; haya ndiyo niliyojifunza, kwa wenye swali kama langu. Kinachokwamisha ni jina: wapiganaji walitumia majina ya msituni (Jenerali China ni Waruhiu Itote), na makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo Njoroge tafuteni hata kama Joroge. Shikeni kwanza kipande cha zamani cha babu yenu, yaani kitambulisho cha enzi ya ukoloni, kile chenye alama za vidole. Namba yake hutenganisha wenye majina sawa. Kisha nendeni Nyaraka za Taifa, Nairobi, na jina la baba yake na lokesheni. Mafaili ya kikoloni ambayo serikali ya Uingereza iliyaficha Hanslope Park hadi 2011 sasa yako kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, chini ya namba FCO 141, ila mengi ni barua za utawala. Bibi aulizwe taratibu: kiapo cha Mau Mau kilifunga midomo, na marufuku dhidi ya kundi hilo iliondolewa 2003 tu.