Naomba ushauri: data za wanaoingia na kutoka rehabu

Jamani wakubwa habari, niko Kampala na ripoti ya chuo, nimeshusha zile data za Marekani za wanaoingia na kutoka matibabu ya ulevi na dawa za kulevya, zinaitwa TEDS, bure kabisa, za kuingia zipo tangu 1992. Nikafungua kwa Eksel ikakata kwenye mstari wa 1,048,576, feni ya laptop inalia kama boda inapanda Mulago.

Halafu kumbe kila mstari ni kuingia mara moja sio mtu, mlevi akirudi mara tatu anahesabiwa mara tatu! Sasa nisemeje "asilimia ya wagonjwa"?

Na kwenye faili la kutoka kuna waliomaliza, walioacha wenyewe, waliofukuzwa, waliohamishwa. Huyu aliyehamishwa nimhesabu ameshindwa kweli? Mi naona ni uonevu. Nitumie R, ile programu ya takwimu, au nini? Msaada tafadhali