Ulinganisho: saspensheni ya gari la barabarani linaloingia pia saketini

KonaTatu (mleta mada)

Wakuu, ninaomba mawazo yenu kabla sijaagiza saspensheni mpya. Gari langu ni dogo, la milango mitatu, lenye uzito wa kilo 1,200 hivi. Injini iko mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Mbele lina struti za MacPherson na nyuma lina ekseli ya kipande kimoja inayojinyonga. Siku za kazi linanipeleka ofisini, na nafasi ikipatikana linaingia saketini (uwanja wa mbio za magari) kisha linarudi nyumbani kwa magurudumu yake lenyewe, kwa hiyo gari lisilokalika halinifai. Shokomzoba za kiwandani zimechoka: nikivuka tuta, pua hupanda na kushuka tena kabla ya kutulia, na tairi la mbele limelika ukingo wa nje huku ukingo wa ndani ukiwa bado kama mpya.

Ninachagua kati ya seti nne. Ya kwanza ni Bilstein B12, yaani shokomzoba za B8 pamoja na springi fupi za Eibach. Ya pili ni koilova, yaani springi na shokomzoba katika kitu kimoja, inayorekebishwa kimo peke yake, kama B14 au KW Variant 1. Ya tatu ni KW Variant 3, ambayo kubonyea na kurudi kwa shokomzoba hurekebishwa kila kimoja kwa skrubu yake. Ya nne ni Öhlins Road & Track. Matairi yatabaki yale ya barabarani yenye mshiko mzuri. Tairi laini lisilo na mifereji silihitaji.

Mpimaji

Ndugu mleta mada, umeorodhesha majina ya bidhaa lakini hukutaja ugumu wa springi hata mara moja, na hapo ndipo ningeanzia. Springi inayoandikwa niutoni 60 kwa milimita haifiki ikiwa 60 kwenye gurudumu, kwa sababu inategemea springi inasogea kiasi gani gurudumu linaposogea, na uwiano huo huzidishwa kwa wenyewe. Kwenye struti ya MacPherson uwiano huwa karibu na 0.95, hivyo gurudumu linapata kama 54. Nyuma, kwenye ekseli kama yako, springi mara nyingi hukaa mbele ya gurudumu. Uwiano ukiwa 0.75, springi ileile ya 60 inatoa kama 34 tu. Mtu akisoma kwenye boksi kwamba mbele na nyuma ni sawa, atadhani gari lina uwiano ambao kwa kweli halina.

Sasa ligeuze hilo kuwa mtikisiko. Tuseme kila kona ya mbele inabeba kilo 343 bila kuhesabu gurudumu, breki na mkono wake. Kwa springi ya kiwandani ya 25, pua inatikisika kwa takribani hezi 1.3, yaani mara 1.3 kwa sekunde, nayo ndiyo hali ya magari mengi ya abiria. Kwa springi ya 60 unafika hezi 2.0. Nyuma, ambako uzito ni kama kilo 190 kwa kila upande, springi ya 60 inakupa hezi 2.1, kwa hiyo pande mbili zinaendana vizuri ingawa ugumu kwenye magurudumu umetofautiana sana. Gari la barabarani lenye hamasa huvumilika kati ya 1.5 na 2. Ukipita hapo, saketi inafurahi na mgongo unalalamika. Muulize muuzaji wa kila seti ugumu wa springi zake, na akishindwa kukutajia, hiyo nayo ni taarifa.

Spana14

Nakubaliana na hesabu ya Mpimaji, ila ningependa tuzungumzie kimo, kwa kuwa wengi hununua koilova ili gari lishuke na hapo ndipo wanapoharibu walichokuwa nacho. Kwenye MacPherson, mkono wa chini unatakiwa uteremke kidogo kutoka kwenye fremu kuelekea kwenye gurudumu. Ukilishusha gari mpaka mkono huo ukalala sawa na ardhi au ukapanda kuelekea nje, mambo mawili yanatokea. Kwanza, gari linapolala kwenye kona, gurudumu la nje halipati tena kemba hasi, yaani kuinamia ndani kwa upande wa juu, bali linaanza kuipoteza. Pili, kitovu cha mlalo, yaani nukta ambayo gari huizunguka linapolala, kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito, umbali kati yao unaongezeka, na gari linalala zaidi hata kama springi ni ngumu kuliko za awali. Utaona mtu amelishusha gari milimita 60, kisha anatafuta stabilaiza nene (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) ya kuzuia mlalo alioutengeneza mwenyewe. Boljointi ndefu zinaweza kurudisha sehemu ya pembe hiyo, lakini mkono wa usukani nao hauna budi kurekebishwa, la sivyo gurudumu litajigeuza lenyewe kila likikutana na bonde.

Kwa sababu hiyo naipendelea B12 kwa matumizi yako. Springi zinashusha kiasi cha wastani, na B8 imefupishwa makusudi kwa ajili ya springi fupi, tofauti na B6 ambayo ni ya kimo cha kawaida. Ukifunga springi fupi kwenye shokomzoba ndefu, mhimili (chuma kinachoingia na kutoka ndani ya shokomzoba) unafanya kazi karibu na raba ya kizuizi muda wote, na gari likinyanyuliwa na jeki springi inaweza kulegea mahali pake.

Bomba Moja

Mimi natofautiana na Spana14 kwa sehemu. B12 ni seti nzuri kwa mtu wa barabarani, lakini tairi la mleta mada tayari linalika ukingo wa nje, jambo linaloonyesha anaendesha kwa nguvu, na springi za seti ile bado ziko upande wa starehe. Atazitamani ngumu zaidi kabla hajazoea zile mpya, na hapo B8 haitakuwa na namna ya kufuata, kwa kuwa nguvu yake imepangwa kiwandani na hairekebishwi.

Jambo ambalo halijaguswa ni joto. Shokomzoba hugeuza mwendo kuwa joto, na saketini hupata joto kwa muda mrefu bila kupumzika. Kwenye shokomzoba ya bomba moja, mafuta na gesi hutenganishwa na pistoni inayoelea, gesi ikiwa kwenye shinikizo kubwa, na ukuta wa bomba unagusa hewa moja kwa moja, hivyo joto linatoka haraka na mafuta hayatoi povu kirahisi. Bilstein ndio walioileta aina hiyo kwenye magari ya kiwandani, mwaka 1957, kwa Mercedes-Benz. Kwenye bomba mbili, bomba la kazi limefunikwa na lingine, joto linachelewa kutoka, lakini mhimili unapata urefu zaidi wa kusafiri na barabarani huwa mpole. KW Variant 3 ni bomba mbili. Siyo kasoro: vali zake ni nzuri sana, na bomba lake la nje ni la chuma kisichoshika kutu, jambo ambalo wenye barabara za chumvi watalithamini kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu Öhlins, thamani yake iko kwenye vali ya DFV, ambayo hufungua njia ya ziada ya mafuta pistoni inapokwenda kasi kwa upande wowote. Ukigonga ukingo wa kona, gurudumu linapanda na kurudi chini mapema badala ya kuning'inia hewani. Ina kirekebishi kimoja tu, na kwangu hiyo ni sifa. Ukiirekebisha, hesabu kliki kuanzia ilipofungwa kabisa, maana ndivyo mwongozo wake unavyohesabu. Mwenye kuanzia upande wa pili atafika kwenye namba sahihi na mahali pasipo sahihi.

Mama Gia

Wadau, mbona hakuna aliyetaja Koni Sport za manjano? Zinarekebishwa nguvu ya kurudi, na mtu akizifunga na springi za ugumu unaoeleweka anapata kitu kilicho kati ya B12 na koilova. Nazitaja ili mleta mada asidhani kuna milango minne tu.

Ninachotaka kusema hasa ni kuhusu skrubu mbili za Variant 3. Skrubu zile zina faida kwa mtu anayebadilisha kitu kimoja, anaandika, anapima, halafu ndipo anagusa kingine. Asiye na tabia hiyo atazungusha zote mbili asubuhi moja, gari litakuwa baya, naye hatajua ni ipi ya kurudisha. Nimeona magari yamekazwa kurudi kupita kiasi kwa sababu pale yaliposimama yalionekana magumu na ya kimashindano. Kwenye matuta yanayofuatana, shokomzoba haipati nafasi ya kurefuka kabla ya tuta lijalo, na gari linazidi kujishusha mpaka linakalia raba za kizuizi. Hapo dereva anasema springi ni laini.

Njia rahisi ya kujua ni kufunga ule mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya kwenye mhimili wa shokomzoba, ukausukuma mpaka ugusane na bomba, kisha ukaingia saketini. Ukitoka, pale mkanda ulipobaki ndipo shokomzoba ilipofika mwisho wa safari yake. Ukiukuta umebanwa juu kwenye raba, acha kugusa skrubu na uangalie springi au kimo. Kama koilova yako ya bomba moja imewekwa kichwa chini, kama ilivyo kwenye struti nyingi za Bilstein, mhimili wenyewe umefichwa ndani na utalazimika kupima kwa njia nyingine.

KonaTatu

Ahsanteni sana. Nimeanza kuelekea kwenye Öhlins, au B14 ikiwa ugumu wa springi zake utanitosha. Je, stabilaiza ya nyuma niinunue kwa pamoja? Na tairi linalolika ukingo wa nje, seti mpya italitibu?

Mpimaji

Seti peke yake italitibu nusu. Kinachokosekana ni kemba. Kwa barabara ya kasi, digrii 1.5 hasi mbele zinatosha. Kwa saketi juu ya tairi la barabarani, watu wengi huishia kati ya 2.5 na 3. Kwa kuwa gari lako linafanya yote mawili, tafuta vishikio vya juu vya struti vinavyorekebishwa, anza na 2 hasi, na uache uelekeo wa mbele, yaani pembe ya magurudumu ukiyatazama kutoka juu, ukiwa sifuri. Wengi huilaumu kemba kwa kula tairi barabarani, wakati mara nyingi ni uelekeo uliopinda ndio unaolikwangua. Pima joto la tairi ndani, katikati na nje mara tu unapotoka saketini. Nje likiwa na joto kuliko ndani, kemba bado haijatosha.

Stabilaiza iache kwanza. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ile ya nyuma husaidia pua iingie kwenye kona, lakini kwenye lami iliyolowa dereva akiachia mafuta ghafla nyuma inaweza kumtangulia. Zijue kwanza springi mpya zinafanya nini.

Spana14

Basi, kama ni koilova, mwambie fundi mambo mawili. Bolti za bushi za mikono ya chini zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Raba ya bushi imegandishwa kwenye vyuma vyake, na ukiikaza hewani itakaa imejinyonga kila siku na kupasuka mapema. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kimo kikiwa kimeshapangwa. Halafu uzito wa kila gurudumu upimwe wewe ukiwa umekaa kwenye kiti, au mzigo wa uzito wako ukiwa umewekwa hapo, huku stabilaiza iliyopo ikiwa imefunguliwa upande mmoja. Alaimenti ifuate baada ya hapo, kwa kuwa kila unapogusa kimo, kemba na uelekeo navyo vinasogea.