Mgombea wa itikadi au mgombea anayeuzika? Turudi 2015

Nguzo: Wakuu, kila msimu wa uteuzi swali hili tunalikwepa. Chama kisimamishe mtu anayekiamini hata kama hana mvuto, au kimchukue yeyote mwenye kura zake mfukoni? Msimamo wangu ni uleule tangu Julai 2015, CHADEMA ilipompokea Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, wiki chache baada ya CCM kulikata jina lake Dodoma kwenye mchujo wa urais. Miaka karibu 8 tulizunguka nchi nzima tukimtaja kwenye orodha ya mafisadi, halafu tukamkabidhi bendera ya urais. Tuliuza kitu ambacho hakinunuliki tena.

Kura Kwanza: Nguzo, chama cha siasa si seminari. Kazi yake ni kushika dola. Dk. Slaa, katibu mkuu wetu na mgombea wetu wa urais 2010, alipata kura milioni 2 na ushee. Lowassa alipata milioni 6, karibu asilimia 40. Wabunge wa CHADEMA walitoka 48 wakafika 70, na umeya wa Jiji la Dar es Salaam tukauchukua. Usafi wenu ungetupa nini? Tena Lowassa hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Na huyo Slaa mnayemlilia aliwakimbia vitani, kampeni zikiwa zimeshaanza.

Dada Wakala: "Aliwakimbia vitani"? Futa kauli hiyo. Mtu aliyesimama Mwembe Yanga Septemba 2007 akasoma hadharani hiyo orodha ya mafisadi, leo anaitwa mkimbizi na watu waliovaa gwanda la CHADEMA juzi!

Kura Kwanza: Gwanda nimelivaa kabla yako, dada. Kamanda akishindwa hoja kwenye vikao anabaki, hasusi. Yeye Septemba 2015 akaitisha waandishi wa habari, akatangaza kuachana na siasa za vyama kwa sababu ya ujio wa Lowassa. Hiyo unaiitaje?

Hesabu Haziongopi: Mnagombana juu ya mtu, hesabu mmeziacha. 2010 Slaa alipata kama asilimia 27, Lipumba wa CUF 8. Jumla 35. Mwaka 2015 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani zikiwemo CHADEMA na CUF, ilisimamisha mgombea mmoja, akapata 40. Kwa hiyo Lowassa alituongezea pointi 5. Kwa pointi 5 tulimpoteza katibu mkuu wetu, na Lipumba naye akajiuzulu uenyekiti wa CUF mwezi Agosti. Hao wabunge 22 walioongezeka mnaowahesabu, wengine walibebwa na umoja wa vyama kuachiana majimbo.

Kura Kwanza: Umeacha nusu ya hesabu. 2010 hata nusu ya walioandikishwa hawakupiga kura. 2015 walifika theluthi mbili. Yale mafuriko ya mikutano nani aliyaleta? Watu walitoka majumbani kwa sababu kwa mara ya kwanza waliamini CCM inaweza kung'oka.

Kando ya Sheria: Kuna jambo hamjaligusa. Katiba yetu hairuhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu ilishasema mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila na wenzake, kwamba zuio hilo linavunja haki, na bado lipo. Maana yake chama ndicho mlango pekee. Ukiukodisha mlango kwa aliyekatwa kwingine, mwanachama aliyekijenga chama hana pa kupitia.

Msafiri: Tazameni Marekani. 1964 chama cha Republican kilimsimamisha Goldwater kugombea urais, mtu wa msimamo mkali. Alishinda majimbo 6 tu. Lakini mawazo yake hayakufa, 1980 yakashinda urais na Reagan.

Kura Kwanza: Miaka 16! Nani hapa ana miaka 16 ya kusubiri? Na nirudi kwa Slaa wenu, maana hamjanijibu. Aliyechukia siasa za vyeo mbona 2017 alikubali ubalozi, kwa uteuzi wa rais wa CCM?

Nguzo: Na Lowassa wako Machi 2019 alirudi wapi? CCM hiyohiyo. Angalau Slaa 2015 aliondoka kabla ya kutuomba kura. Ndiyo maana nasema, mtu asiyeamini ulichokiandika kwenye katiba ya chama chako amepanga tu, akipata kwake anahama.

Kura Kwanza: Wapo pia waliozaliwa ndani ya chama na wakahama. Itikadi haimfungi mtu kamba.

Dada Wakala: Mimi niliomba kura nyumba kwa nyumba Oktoba ile. Mama mmoja aliingia ndani, akatoka na karatasi niliyompa mimi mwenyewe miaka iliyopita, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Orodha ileile. Akaweka kidole juu ya jina, akaniuliza, "Na huyu, mwanangu, tumfanyeje?" Nikaanza kumweleza habari za kuiondoa CCM kwanza, mengine baadaye. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi yake, akasema ataomba Mungu amwongoze.

Kwa hiyo, Kura Kwanza, usinifundishe vita. Nililinda kura kituoni mpaka fomu ya matokeo ikabandikwa usiku, na kura yangu nilimpa Lowassa kwa sababu chama kiliamua. Lakini Slaa aliulizwa swali lilelile la yule mama, na jibu nililolitoa mimi lilimshinda kutoka mdomoni. Huko si kukimbia. Futa hiyo kauli.