Ati milisekunde zangu zitanunua mahamri mangapi?

Mkesha wa Kibokoni (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Ninaandika nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, kwa sababu nikirudi kuketi karibu na yule bwana nitatamka neno ambalo mama yangu hakunifundisha. Mnamjua. Kila ofisi ya programu kutoka Nyali hadi Moi Avenue imewahi kuwa naye au kumkimbia.

Kwa siku arobaini, baada ya Isha, nimekuwa nikiandika upya kwa lugha ya Rust zile amri tunazozitumia kila siku za Mercurial, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Wenye kuifahamu wanajua kwamba Mercurial, tangu ilipoanzishwa mwaka 2005, imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Python, na Python ukiiita ni lazima kwanza iamke, inawe uso, ipakie moduli zake moja baada ya nyingine, ndipo ikumbuke kwamba ulitaka tu kujua ni faili zipi zimebadilika. Katika kompyuta yangu kuamka huko pekee kulikula karibu robo ya sekunde kabla ya faili hata moja kuguswa. Programu yangu imekwisha kompailiwa, yaani imegeuzwa mapema kuwa lugha ya mashine, hivyo hujibu kabla kidole hakijainuka kwenye kitufe, na amri isiyoiweza huikabidhi kimyakimya kwa Python ya zamani.

Leo nikaionyesha mbele ya ofisi nzima. Nikaandika hg status (hg ndiyo amri ya kuiita Mercurial, status huorodhesha faili zilizobadilika), jibu likawa limeshafika. Yule bwana akafuta mafuta ya viazi karai kwenye karatasi yangu ya vipimo (wallahi, kwenye vipimo vyenyewe), akaniuliza: "Kijana, na hizo milisekunde zako zitanunua mahamri mangapi?"

Mahamri! Hakuuliza kama majibu ya programu hizi mbili yanalingana herufi kwa herufi, jambo lililonikosesha usingizi majuma mawili kwa ajili ya faili la .hgignore (orodha ya ruwaza za faili zisizofuatiliwa) peke yake, kwa kuwa maktaba ya kawaida ya ruwaza katika Rust haikubali kutazama mbele wala nyuma kama Python inavyokubali. Aliuliza mahamri, na watu wakacheka, hata yule mwanagenzi ambaye juzi nilimwokoa alipovuruga matawi ya msimbo. Naye bwana huyohuyo hulalamika kutwa kwamba terminali yake ni nzito kama ng'ombe aliyevimbiwa, wala hajui kwamba kila akigonga Enter, terminali huiamsha kwanza hg kuiuliza yuko tawi gani. Ningemweleza, lakini angeniuliza bei ya mahamri.

Nahodha Mstaafu

Pole sana ndugu yangu, lakini Mercurial yenyewe inayo rhg, iliyoandikwa kwa Rust, nayo hufanya hilohilo: hujibu inachokiweza, na kinachoishinda humwachia Python. Ipo pia chg, ya lugha ya C, ambayo huiacha Python ikiwa macho nyuma ya pazia ili isiamke upya kila mara. Umekesha siku arobaini ukichonga jahazi lililokuwa limetia nanga mlangoni pako.

Mkesha wa Kibokoni

Ninazijua zote mbili. Ofisi yetu ina viendelezi (nyongeza za Mercurial) vya kale, na rhg ikivikuta hujitoa na kumwachia Python kila kitu. Isitoshe, hoja si hiyo, hoja ni mahamri.

Nahodha Mstaafu

Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuiambia ivipuuze viendelezi hivyo. Ni mstari mmoja.

Mhasibu wa Tudor

Mimi nimepiga hesabu. Tuseme kila usiku ulikaa saa tatu: hizo ni saa 120, yaani sekunde 432,000. Ukiita hg mara 300 kwa siku unaokoa sekunde 75, kwa hiyo utarudisha muda wako baada ya siku 5,760, ambazo ni karibu miaka 16, ukifanya kazi hata sikukuu ya Idi. Yule bwana simpendi, lakini swali lake lilikuwa la kihasibu.

Mkesha wa Kibokoni

Tuko watu tisa ofisini! Gawa kwa tisa! Na asingekula viazi juu ya vipimo, angeziona hesabu hizo mwenyewe.

Binti Changamwe

Afadhali nyinyi. Mimi ninatumia Git, mwenzake Mercurial, kwenye Windows, na wenye umri wanakumbuka siku ambazo rebase (kuhamishia mabadiliko yako juu ya msingi mpya) na stash (kuyaweka kando kwa muda) zilikuwa skripti za sheli, ambapo kila hatua ndogo ilianzisha mchakato mpya, na Windows huanzisha mchakato kama mzee anayeinuka mkekani. Ungeanza rebase, ukavuka feri ya Likoni kwenda na kurudi, ukaikuta bado inahema. Rebase ilihamishiwa C katika toleo la 2.20 mwishoni mwa 2018, stash ikafuata katika 2.22 katikati ya 2019, na sikumsikia mtu akiuliza mahamri. Ila kinachoniua sasa si mwendo, bali mwenzangu aliyekomiti (aliyeingiza kwenye historia) video ya harusi ya dada yake ndani ya hazina ya msimbo. Ameifuta, naam, lakini imo kwenye historia, na kila mgeni anayenakili hazina hiyo humbeba bibi harusi.

Fundi Mishomoroni

Kwetu mtu alikomiti hifadhidata nzima pamoja na nywila zake, kisha akaenda likizo Lamu.

Mkesha wa Kibokoni

Jamani, uzi huu ulihusu yule bwana na alichoniambia.

Mhasibu wa Tudor

Binti, hiyo video ina ukubwa gani?

Binti Changamwe

Gigabaiti tatu. Pilau haijaandaliwa bado, ni sehemu ya kwanza tu.

Nahodha Mstaafu

Tumia git filter-repo uing'oe kwenye historia, lakini waarifu wenzako mapema wote wanakili hazina upya, maana akibaki mmoja na nakala ya zamani akaisukuma, bibi harusi atarudi.

Fundi Mishomoroni

Kwetu alirudi mara mbili.