Naombeni ushauri: nataka kurudisha ubunifu nyumbani ila kila ninachoanza hakifiki mwisho

mama_wa_wawili:
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Nina jambo linaniumiza kichwa muda sasa, wengine mtaliona dogo ila kwangu limekuwa kubwa kwahiyo nimeona niliweke hapa mnishauri.

Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 mdogo ana 4. Zamani nilikuwa mtu wa mikono kwelikweli, nafuma, nadarizi, natengeneza kadi za watu, sasa hivi nikitoka kazini napika kile kile cha jana halafu nakaa na simu naangalia video za watu wanatengeneza vitu vizuri mpaka usingizi unanikuta simu iko mkononi. Juzi mkubwa kaniuliza, mama hivi wewe unajua kutengeneza nini? Nikakosa jibu. Lile swali halijaniondoka jamani.

Nimejaribu kuanza upya. Chini ya kitanda nina boksi la vitu nilivyoanza nikaviacha, kuna bakuli la karatasi liliota ukungu kabla halijakauka, foronya nimedarizi ua moja na nusu, mfuko wa jinzi hauna mikanda mpaka leo. Jikoni ndo usiseme, bila maelekezo siwezi kitu, kikikosekana kitu kimoja tu naahirisha pishi zima. Wiki iliyopita tulitaka kuoka keki, maelekezo yanataka mayai mawili na yai limebaki moja, nikawaambia basi tutaoka siku nyingine. Mdogo alikuwa ameshavaa aproni yake, alilia mpaka akalala nayo.

Naomba kujua nyie mnaanzaje na mnamalizaje, na huko jikoni mnajuaje hiki kinakaa badala ya kile? Sitaki kununua vifaa, nataka vilivyomo ndani ya nyumba. Mume wangu hanizuii ila anasema lile boksi ni takataka zimehamishwa tu mahali.

sindano_ndefu:
Pole dada. Mi sioni kama kipaji kimeisha wala sio uvivu, naona unaanzia kwenye picha. Ukianzia kwenye video ya mtu unajilinganisha na mwenye meza yake, taa yake, na ambaye kaharibu mara kumi hakuonyesha. Anzia kwenye kero. Kesho asubuhi zunguka nyumba na karatasi uandike vitu vinavyokukera kila siku, chaja zimesokotana, mlango unajibamiza na upepo, sakafu ya baridi pale unaposhuka kitandani, chochote. Halafu chagua kimoja tu.

Mi kero yangu ya kwanza ilikuwa mlango. Nikachukua mguu mmoja wa suruali ya jinzi iliyochanika, nikashona chini, nikatia mchanga mkavu kwenye mfuko wa plastiki nikaufunga vizuri usivuje, nikauingiza ndani nikashona juu. Haikufika saa nzima. Miaka sita sasa uko pale chini ya mlango umechakaa na unafanya kazi. Kitu cha kero hukiachi njiani dada, maana kero yenyewe kila ukipita inakukumbusha.

Na huo mfuko wako wa jinzi, hiyo suruali uliyoikata ilikuwa na mkanda wake wa kiunoni si ndio? Ule ndo mkanda wa mfuko. Umeshonwa tayari, mnene, una nguvu. Fumua tu utoe, pima urefu begani, pachika pande mbili kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati ili using'oke ukibeba mzigo.

mwalimu_wa_gundi:
Ngoja niseme la bakuli la karatasi maana nimelifanya na watoto miaka mingi na karibu wote mara ya kwanza linaota ukungu. Sababu ni haraka, mtu anabandika tabaka sita siku moja, nje panakauka ndani panabaki pabichi, ukungu unapata nyumba.

Gundi pika usitumie unga mbichi. Robo kikombe cha unga wa ngano, koroga na maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku unakoroga, dakika mbili tatu utaona inabadilika kutoka weupe wa chokaa inakuwa kama uji mwepesi unaong'aa. Tia kijiko cha chumvi, inasaidia kuzuia ukungu. Iache ipoe. Gazeti lichane kwa mkono usikate na mkasi, ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi unalala vizuri, wa mkasi unaacha ngazi. Bakuli la kukopea umbo livishe plastiki nyembamba ndo ubandike juu yake, tabaka mbili basi, acha mpaka kesho, ukigusa ukasikia ubaridi bado halijakauka. Tabaka hizo zikishakauka na kusimama litoe kwenye umbo uligeuze ili tumbo nalo lipate hewa, kisha tabaka mbili nyingine. Ni la vifungo na funguo, chakula usiweke.

Lile lenye ukungu tupa tu, usijaribu kuliokoa.

sufuria_moja:
Dada nimeumia na hiyo aproni. Sikia, kila kitu kinachoingia kwenye pishi kina kazi yake, ukishajua kazi yake huogopi tena kikikosekana. Yai kwenye keki linashikilia, linaleta unyevu na linasaidia kuumuka. Kwahiyo siku ile ungeweka yai lako moja, na badala ya la pili robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa au robo kikombe cha mtindi, keki ingetoka nzito kidogo na ya ndizi ingenukia ndizi lakini mngeila. Mwenye mbegu za kitani anasaga, kijiko kimoja kikubwa kwa vijiko vitatu vya maji, anaacha dakika kumi inakuwa ute kabisa kama yai. Ila usije ukafanya hivi kwenye keki inayosimama kwa mayai yaliyopigwa mpaka yakawa povu, pale yai ndo keki yenyewe.

Maelekezo yakikwambia maziwa ya mtindi na una maziwa ya kawaida, tia kijiko kikubwa cha siki au limao kwenye kikombe jaza maziwa, subiri dakika tano mpaka kumi utaona yamekatika. Wanachotafuta pale ni ule uchachu, unaamsha soda ya kuokea. Na ukiona unga unaoumuka wenyewe, ni unga wa ngano wa kawaida kikombe kimoja na beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai na chumvi chembe, hakuna siri nyingine.

jiko_la_pembeni:
Mi napingana kidogo na sufuria_moja, siyo kwa vipimo, vipimo vyake viko sawa, ila kwa mtu anayeogopa keki siyo pa kuanzia kubuni. Keki ukiiingiza kwenye oveni huna la kufanya tena, ikikosea imekosea. Anzia kwenye sufuria ambapo unaonja kila dakika. Supu, mchuzi, mayai, wali wa kukaanga. Kaanga kitunguu taratibu mpaka kilainike na kubadilika rangi, hapo ndo utamu unapotoka usiharakishe, halafu fungua friji uangalie ni nini kinakaribia kuharibika ndo kiingie. Ukionja chakula kimepooza usikimbilie chumvi, kamulia limao kidogo kwanza, mara nyingi kilichokosekana ni uchachu na sio chumvi. Mi hiki kitu kilinibadilishia mapishi kabisa.

Mkate mkavu chovya kwenye yai na maziwa ukaange, au usage chenga ufunikie viazi vya kuoka. Wali uliobaki ni mzuri sana wa kukaanga kesho yake maana umekauka punje zinaachana, ila USIUACHE kwenye sufuria mpaka asubuhi. Kuna vijidudu kwenye mchele mbegu zake haziuawi na kuchemsha, wali ukikaa na joto vinazaliana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha upya haiondoki. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, na ule kesho yake usivuke hapo.

chumvi_kiasi:
Nyongeza, chumvi ikizidi kwenye mchuzi tumbukiza kiazi kinavuta chumvi yote. Mama yangu ndo alinifundisha.

jiko_la_pembeni:
@chumvi_kiasi heshima kwa mama ila kiazi kinakunywa mchuzi wenye chumvi, maji na chumvi kwa pamoja, mchuzi unaobaki una ukali ule ule umepungua tu wingi. Kinachosaidia ni kuongeza maji au nyanya au maharage yasiyo na chumvi, yaani uufanye mchuzi uwe mwingi, au utoe nusu uweke kwenye friza uwe mwanzo wa mchuzi mwingine. Kiazi ukikiacha kwenye chakula ukakila nacho sawa, hapo kimesaidia kwasababu kimeongeza wingi.

chumvi_kiasi:
Asante, nimekuelewa. Nitajaribu hiyo ya friza.

baba_kijiti:
Mi ni mwanaume ila ndo fundi wa vitu vidogo vidogo hapa kwetu. Dada nakushauri kitu kimoja, hilo boksi litoe chini ya kitanda. Kazi iliyofichwa haimaliziki. Chagua moja iweke kwenye sinia juu ya meza na sindano yake imeshatungwa uzi, ili ukikaa usitafute kitu, mkono unaenda wenyewe. Dakika 20, simu iache chumba kingine. Zingine zote zifunge mpaka hii iishe.

Na watoto wape kazi ya kweli sio ya kuwazuga. Wa miaka 9 anaweza kupima, kukata, kushona vifungo. Wa miaka 4 mpe unga wa kufinyanga, vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe cha chumvi, maji karibu kikombe unaongeza kidogo kidogo mpaka usinate mkononi. Afinyange, vitu viwe vyembamba, viache vikauke siku kadhaa mkivigeuza geuza. Usimwache peke yake nao, chumvi ile ni nyingi sana akila itamdhuru, na kama mna mbwa naye asiufikie.

mama_wa_wawili:
Jamani nimerudi, samahani nimekaa kimya wiki tatu ila nilikuwa kazini kweli, hapa mikono inanuka gundi.

Keki tulioka Jumamosi ile ile, yai moja na ndizi. Mdogo ndo alisaga ndizi kwa uma, alisaga mpaka nikamwambia basi inatosha akakataa. Ilitoka nzito katikati, iliisha kabla haijapoa. Mfuko una mikanda, nimeufanya kama alivyosema sindano_ndefu na naenda nao kazini kila siku, pale kwenye mkanda kitanzi cha kupitishia mshipi kimebaki nimening'iniza funguo. Foronya nimeifunga kwanza kama alivyoshauri baba_kijiti, haijafika zamu yake.

Orodha ya kero nilimpa mkubwa aandike. Akaandika kumi na nne, na ya kwanza ameandika "miguu ya mama baridi asubuhi". Sikujua kama huwa anaona.

Kwahiyo tunatengeneza zulia dogo la pembeni ya kitanda kwa fulana kuukuu. Tumekata vipande vya upana wa sentimita 3, ukivivuta vinajikunja vyenyewe kama kamba, tunasuka kwa tatu halafu nashona kwa mzunguko kuanzia katikati, kama ukili unavyoshonwa mkeka. Sasa hapa ndo nimekwama tena, limefika upana wa sahani na limeanza kunyanyuka pembeni, linakuwa bakuli. Nimelikalia, nimeliwekea vitabu usiku kucha, asubuhi linanyanyuka. Nisaidieni kabla sijalirudisha kwenye boksi.

sindano_ndefu:
Usilirudishe! Na vitabu havitasaidia. Linakuwa bakuli kwasababu msuko wa nje unauvuta sana ukishona, na ule wa nje unazunguka njia ndefu kuliko wa ndani, ukiukaza unakosa urefu ndo unalazimika kupanda juu. Fumua mpaka pale lilipoanza kunyanyuka, utalijua ukiliweka mezani ukapitisha kiganja. Ukishona tena liache LIMELALA mezani, usishonee mapajani, mapajani linachukua umbo la paja lako. Kwenye kona ulegeze msuko, upe nafasi, mshono wa nje uruke kidogo mbele kuliko wa ndani, kule kwenye mizunguko ya katikati ndo kunahitaji kulegezwa zaidi na ukienda nje inapungua. Ukilegeza mno litafanya mawimbi kama ukingo wa gauni, ukiona mawimbi vuta kidogo. Uzi uwe imara na sindano kubwa butu isitoboe nyuzi, ipite katikati ya misuko.

Na kata fulana nyingi kuliko unavyodhani, kusuka kunakula urefu, kama theluthi hivi.

mama_wa_wawili:
Nimefumua mizunguko minne. Nimeliweka mezani nikashona miwili upya nikiwa nimelegeza, nimepitisha kiganja, limelala!! Limelala kabisa.

Fulana zilikuwa zimeisha nikasema nitasubiri, jioni naingia chumbani nakuta tatu zimekunjwa juu ya kitanda, za baba yao, moja ni ile ya bluu aliyokuwa hataki niitupe. Hajasema kitu. Mkubwa ameshachukua mkasi ananiuliza tuanze na ipi.