PRINCE2 na Scrum katika mradi mmoja: je, tuchague au tuunganishe?

Muuliza swali
Wanajukwaa, habari za kazi. Timu yetu inatengeneza programu ya kusajili wagonjwa kwa utaratibu wa Scrum, yaani kujenga programu kidogo kidogo katika mizunguko mifupi, kwetu ya wiki 2, lakini rasimu ya mkataba inatutaka tufuate PRINCE2, mfumo wa kusimamia miradi. Baadhi ya wenzangu wanashikilia kuwa mifumo hii haipikiki chungu kimoja. Je, ni lazima tuache mmoja?

Jibu la 1
Ndugu, hakuna wa kuachwa. PRINCE2, uliotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 1996, unahusu uongozi wa mradi: nani anaidhinisha fedha, mteja atanufaika na nini, na nani aarifiwe mambo yakienda kombo. Namna ya kuandika programu yenyewe hauigusi. Scrum nayo haina hata cheo cha meneja wa mradi. Bodi ya mradi ya PRINCE2, yenye mwenye dhamana ya fedha, mwakilishi wa watumiaji na mwakilishi wa watengenezaji, huamua mwishoni mwa kila hatua iwapo kazi iendelee, na ndani ya hatua moja mnaweza kumaliza mizunguko kadhaa bila kuisumbua.

Jibu la 2
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila kwa maoni yangu amepita haraka mahali penye mgogoro wenyewe. PRINCE2 humpa meneja kiasi anachoruhusiwa kupotoka katika muda, gharama, ubora na upeo wa kazi. Akikizidi, hana budi kurudi kwenye bodi. Sasa, ikiwa mkataba umefunga orodha ya vipengele vyote tangu mwanzo, basi muuguzi akiiona fomu ya usajili na kuomba sehemu ya namba ya bima ihamishiwe ukurasa wa kwanza, ombi hilo dogo linageuka suala rasmi la kuombewa idhini. Mwongozo wa PRINCE2 Agile wa mwaka 2015, unaounganisha PRINCE2 na taratibu kama Scrum, unaelekeza kinyume chake: tarehe na bajeti vibaki palepale, vipengele visivyo vya lazima ndivyo vipunguzwe.

Jibu la 3
Mkiona pengo bado ni kubwa, itazameni RUP (Rational Unified Process), utaratibu wa kutengeneza programu wa kampuni ya Rational, ambayo IBM iliinunua mwaka 2003. Ina awamu 4, na ya pili hudai muundo wa programu uthibitishwe kwa programu inayofanya kazi, si kwa michoro, kabla ya fedha nyingi kutumika. Bodi yoyote inaelewa kituo cha ukaguzi cha namna hiyo.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Kwa kuwa mkataba haujasainiwa, tutaomba orodha ya vipengele igawanywe kati ya vya lazima na vinavyoweza kusubiri.